Wazazi huuliza hili, huamulia lile

Kazi yangu ni kulea watoto wa watu. Niko chumba cha wadogo kabisa, wale wasiotembea bado na wale wanaojikongoja kwa kushika meza. Chumba chetu ndicho cha kwanza ukiingia, kwa hiyo mzazi akija kukagua kituo, mimi ndiye humtembeza. Nimewatembeza wengi, na siku hizi orodha ya maswali wanayokuja nayo hainibabaishi.

Si kwamba wanadanganya. Wanauliza vizuri tu. Mnawafundisha nini, vitu vya kuchezea mnaviosha lini, mtoto akipata homa mnafanyaje. Nawajibu. Tukishamaliza, mama anabaki nyuma kidogo, anashusha sauti: "Mwalimu, mnafunga saa ngapi? Na nikichelewa?" Hilo ndilo swali lililomleta. Kituo kiwe kizuri namna gani, kama kinafunga kabla zamu yake haijaisha, kwake ni kama hakipo. Ukianza kuchuja kwa saa za kazi, kisha njia anayopita kila siku, kisha ada, kisha kama nafasi ipo, mwishowe vinabaki vituo viwili au kimoja. Ndiyo maana huwa sipendi kusikia mtu akimsema mzazi kwamba hakuchagua vizuri. Achague kutoka wapi?

Tarehe nayo inabana. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo ya uzazi isipungue wiki 14. Hata pale mama anapoipata yote, hesabu yake ni miezi mitatu na siku kadhaa, tena sehemu ya wiki hizo huenda aliitumia kabla hajajifungua. Anakuja kwetu na kichanga asiyeweza hata kukaa, na anatakiwa kazini wiki ijayo. Mtu wa namna hiyo halinganishi vituo. Anauliza kama kuna nafasi.

Umri unabadilisha kila kitu. Wenye watoto chini ya mwaka wanatafuta mikono: nani atambeba, akilia mtamwacha? Mtoto huyohuyo akifika miaka mitatu, wazazi walewale wanatafuta kalamu. Anajua herufi ngapi? Mbona mwenzake wa kituo kile anaandika jina? Mimi bado naona mtoto wa miaka mitatu anahitaji zaidi kuongeleshwa na kucheza kuliko kuinamishwa kwenye daftari, lakini nimeshuhudia watoto wakihamishwa kwa sababu ya daftari.

Halafu kuna neno la mtu. Leseni yetu imetundikwa ukutani karibu na mlango, na ni wachache mno wanaosimama kuisoma. Lakini mzazi akiambiwa na mwenzake kazini "wangu yuko pale, hana shida", anakuja akiwa ameshaamua, ananisikiliza kwa adabu tu. Na neno hilohilo linabomoa. Watoto wa mwaka mmoja na miwili hung'atana, kwa sababu hasira wanazo na maneno hawana. Alama moja ya meno shavuni ikipigwa picha na kusambazwa kwenye kikundi cha wazazi, jioni hiyo simu ya ofisi hailali.

Kuna baba alikuja hakuuliza kitu kwa muda mrefu. Aliomba kukaa. Akakaa chini, mgongo ukutani, akaniangalia nikimbadilisha mtoto nepi. Nilikuwa naongea na yule mtoto kama kawaida yangu, haya tuinue mguu, na huu mwingine, subiri, usipinduke. Baba akatazama mikono yangu, akatazama walezi wenzangu, akahesabu watoto kwa macho. Mwishowe akauliza: "Kabla yako alikuwa nani hapa, na aliondoka kwa nini?"

Lile ndilo swali. Mtoto mdogo anamzoea mtu, hazoei jengo, na mlezi akiondoka inabidi aanze upya na harufu nyingine, sauti nyingine. Walezi wanaondoka sana kwa sababu malipo ni madogo na mgongo unauma. Swali la pili ni idadi. Uingereza kanuni inataka mlezi mmoja kwa watoto watatu walio chini ya miaka miwili. Kwa wa miaka miwili ilikuwa wanne, ikapandishwa hadi watano mwaka 2023. Yeyote aliyewahi kulisha watoto watano kwa wakati mmoja anajua huyo wa tano anakula saa ngapi.

Kwa nini wazazi hawayaulizi haya? Nadhani ni kwa sababu hawayaoni. Marekani, miaka ya 1990, watafiti waliwaomba wazazi wavipe alama vituo vya watoto wao, kisha wakaguzi waliofunzwa wakavipima vituo vilevile. Alama za wazazi zilikuwa juu zaidi. Sishangai. Mzazi anatuona asubuhi akikimbia na jioni akikimbia, na nyakati hizo mbili kila mlezi anatabasamu. Huduma yenyewe inafanyika katikati, yeye hayupo. Na ukishamwacha mtoto mahali kila siku, moyo unahitaji kuamini kwamba ni pazuri.

Imani hiyo si kitu cha kuchezea. Wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha mwaka 2000 utafiti wa vituo 10 vya watoto mjini Haifa, Israel. Baadhi ya vituo viliwekewa faini kwa mzazi anayechelewa kumchukua mtoto. Wachelewaji wakaongezeka, na faini ilipofutwa hawakupungua. Zamani mzazi alimwonea haya mwalimu anayemsubiri. Faini ikamwambia kwamba muda ule unauzwa. Kila mara wazo la faini likiletwa kwenye kikao chetu, huwa nalipinga. Nataka yule mama anayeshusha sauti aendelee kunipigia simu kusema amekwama njiani.

Wanaoniuliza kirafiki waangalie nini, nawaambia waje bila miadi, saa nne asubuhi, wakae kidogo. Mkuu wetu hapendi nikisema hivyo kwa wageni. Saa nne ndiyo saa yetu ya nepi, wawili wanalia, mmoja amemwaga maji, na mimi nywele ziko shaghalabaghala.