Siku niliyosindikiza jeneza la mtu nisiyemjua

Jana jioni imepita harusi hapa barabarani, matarumbeta yamejaa kwenye pikapu, honi mtindo mmoja, na mwanangu kasimama dirishani ananiuliza, mama, hivi mtu akifa nae wanampigiaga hivi? Nikamwambia sisi hatupigi. Halafu vitunguu vikaniungulia jikoni, maana mahali wanapopiga nimepaona kwa macho yangu.

Ni New Orleans, Marekani, ile safari ya semina ya 2014. Semina yenyewe siisimulii, ilikuwa siku nne za kukaa. Jumamosi ndo nikapata nafasi nikaenda mtaa wa Tremé, nikauona uwanja wa Congo, pale ambapo watumwa walikuwa wanaruhusiwa Jumapili kukusanyika wapige ngoma zao. Nilichuchumaa chini ya miti ya mialoni nikaigusa ile ardhi. Wakati narudi ndo nikasikia ngoma, nikajua sherehe.

Kumbe msiba.

Bendi inakuja polepole mno, hatua moja, inasita, hatua nyingine. Wazee wa suti nyeusi wameshika kofia kifuani, wimbo wa kanisani, ngoma imefungwa kitambaa isilie kwa ukali. Lile tarumbeta kubwa ambalo mpigaji analivaa mwilini linanguruma mpaka unalisikia tumboni. Kijana wa tromboni machozi yanamshuka mpaka mdomoni na anapuliza hivyo hivyo, hafuti. Na nyuma ya jeneza, wanawake. Wanatembea.

Mimi mtoto wa Tanga, kwetu maiti wanasindikiza wanaume. Bibi yangu alipofariki jeneza lilitoka mlangoni sisi tukabaki ndani na mama zetu, nasikia la ilaha illallah inaenda inapungua mtaani, inapungua, mpaka sikuisikia tena. Na bibi huyo ndo aliyekuwa akitusimulia beni za zamani, zile ngoma za matarumbeta, vikundi vya Marini na Arinoti wanavyoshindana, mama yake akisikia tarumbeta anaacha chungu jikoni anatoka mbio. Anakuigizia na tarumbeta lenyewe kwa mdomo.

Basi tukafika mahali gari la maiti likaenda zake, wenyewe wanasema hapo ndo mwili unaachiwa uende. Kimya. Kisha tarumbeta moja likapaa juu peke yake, ngoma zikafumuka, miavuli ikafunguka, watu wale wale waliokuwa wanalia wakaanza kucheza. Mama mmoja mtu mzima akaniona nimeganda pembeni, akanipa leso mkononi, akaniambia njoo mwanangu, hapa hasimami mtu. Kwao familia na bendi ndo mstari wa kwanza, anayefuata nyuma yoyote yule ni mstari wa pili, hauhitaji kualikwa.

Tukaingia chini ya daraja la Claiborne. Ile barabara kuu ya juu waliijenga miaka ya 1960, wakaikata mialoni yote ya mtaa ule wa watu weusi, siku hizi baadhi ya nguzo zimechorwa miti. Bendi inapapenda hapo kwa sababu sauti inagonga zege juu inakurudia, yani unakuwa ndani ya tarumbeta lenyewe. Hapo ndo nilicheza. Nimepunga leso, nimelia kwa sauti na hamna aliyesikia, marehemu hata jina simjui, ila najua nilikuwa namsindikiza nani.

Mama yangu sijamwambia mpaka leo. Desturi yetu naipenda, ule utulivu una heshima yake na dua zile nazitaka siku yangu ikifika. Lakini ile siku chini ya daraja pia siwezi kuikana, na sijui bibi angenikemea au angeacha chungu akaja.

Usiku nikamsimulia mwanangu yote. Akanyamaza muda, nikadhani kashalala, akauliza, kwa hiyo bibi yako alisikia?

Nikamfunika shuka.