Namna nilivyoipanga sebule yangu kwa mtindo wa kale wa pwani

Nyumba yetu ya Kigamboni ilipokwisha kuezekwa na kupigwa plasta, mume wangu aliniachia sebule niipange nitakavyo, kwa sharti moja tu: baada ya miaka kumi tusije tukaibomoa kwa kuwa imepitwa na wakati. Sharti hilo halikunisumbua, kwani nilikuwa nimeziona nyumba za jamaa zetu ambazo dari zake za jipsamu zenye ngazi na taa za rangi, zilizosifiwa sana zilipowekwa, sasa zinatajwa kwa kicheko. Basi kabla ya kununua chochote nilitaka kujua ni mitindo gani iliyopita mikononi mwa vizazi kadhaa na bado watu wanaitafuta.

Mitindo ya namna hiyo ipo. Kiti cha mbao zilizopindwa kwa mvuke, alichokitoa Michael Thonet huko Vienna mwaka 1859, kilikuwa na vipande 6 vya mbao vilivyofungwa kwa skrubu na nati, na hadi leo hakuna mkahawa unaoonekana wa kizamani kwa sababu ya kukitumia. Shule ya sanaa na usanifu ya Bauhaus ya Ujerumani iliishi kuanzia mwaka 1919 hadi 1933 tu, lakini samani zake za mabomba ya chuma zingali zinatengenezwa na kuigwa. Upo pia ule mtindo wa nchi za Skandinavia, wenye kuta nyeupe na mbao za rangi nyepesi, ambao maduka ya samani hapa Dar es Salaam yameupenda mno. Huu wa mwisho ulinivutia, nikausoma kwa makini, na ndipo nilipoona kwamba kuta za kule ni nyeupe kwa sababu mchana wa kipupwe ni mfupi na nuru kidogo iliyopo lazima itawanywe chumba kizima. Shida yangu ilikuwa kinyume cha hiyo. Dirisha la sebule yetu linatazama magharibi, na kuanzia alasiri jua huingia hadi katikati ya chumba. Kumbe watu wa pwani nao walipaka kuta zao nyeupe kwa karne nyingi, nje ili kulirudisha jua, ndani ili vyumba vyenye madirisha machache visiwe kiza.

Hapo nikaamua kubaki nyumbani. Nilikuwa nimeshaingia katika nyumba kadhaa za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na za mji wa kale wa Lamu, ulioandikwa mwaka uliofuata, na ninajua jinsi mtu anavyohisi ubaridi anapovuka daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, na kuingia ndani. Ubaridi huo hautokani na mapambo. Unatokana na kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na uwanja wa ndani unaopitisha hewa. Hata umbo la vyumba, vyembamba na virefu, limetokana na urefu wa boriti za mikoko, ambazo haziwezi kubeba dari ya chumba chenye upana unaozidi mita 3 hivi. Kila ninachokipenda katika nyumba zile kilikuwa na kazi yake kabla ya kuwa pambo, na hicho ndicho kilichokuwa kipimo changu: kitu ambacho kazi yake ingalipo katika nyumba ya matofali ya saruji nitakichukua, na kile ambacho kazi yake imekwisha nitakiacha.

Kwa kipimo hicho, boriti ziliondoka mara moja. Sebule yetu ina upana wa mita 4 na nusu, imeezekwa kwa bati juu ya kenchi, na kubandika miti chini ya dari ya jipsamu kungekuwa mchezo wa kuigiza. Tena mikoko ni misitu ya hifadhi, haifai kukatwa kwa ajili ya urembo wa mtu. Mlango wa nakshi wenye njumu za shaba niliuacha pia, ingawa uliniuma. Mlango ule umekusudiwa ukuta mnene na uso wa mtaa, na ukiuweka kwenye ukuta wa inchi 6 nyuma ya geti la chuma unabaki kama mgeni aliyekosea nyumba.

Vidaka ndivyo vilivyonipa kazi kubwa. Katika nyumba kongwe za Lamu, ambako huitwa zidaka, ukuta wa chumba cha ndani hujaa safu za vishubaka vya plasta vilivyopangwa kwa ulinganifu, na humo ndimo vilimowekwa mabakuli ya Kichina, vyombo vya shaba na vitabu. Mimi nilikuwa na vitabu vingi, vyombo vya marehemu bibi yangu, na chuki ya muda mrefu dhidi ya kabati za vioo. Nilimwomba fundi muashi mmoja, mzee aliyewahi kukarabati nyumba za Mji Mkongwe, avuke aje kuutazama ukuta. Nilimwamkia, akaitikia, akapiga ukuta kwa fundo la kidole, akacheka.

“Mwanangu, ukuta huu ni mwembamba. Nikichimba kidaka hapa kitatokea chumbani kwenu.”

“Sasa tufanyeje, fundi?”

“Tuujengee mwenziwe.”

Ndivyo ilivyokuwa. Alikata ukanda wa sakafu, akamimina zege la msingi ili uzito usije ukapasua vigae, kisha akajenga mbele ya ukuta wa awali ukuta wa pili wenye kina cha sentimita 25, huku akiacha nafasi za vidaka na kuweka linta nyembamba juu ya kila safu. Timazi na pimamaji havikutoka mkononi mwake, kwa sababu, kama alivyonieleza, jicho husamehe ukuta mtupu uliopinda lakini halisamehi safu ya vidaka. Vya chini alivifanya vipana, vya kutosha vitabu vilivyosimama, na vya juu akavipunguza, hivi kwamba chumba kinaonekana kirefu kwenda juu kuliko kilivyo. Ncha za matao alizichonga katika plasta ya chokaa kabla haijakauka kabisa. Alikuwa akiibonyeza kwa kidole gumba: kidole kikizama alingoja na kuendelea na kahawa yake; kikiacha alama tu bila kuzama, alichukua kisu na patasi ndogo na kukata kwa haraka, kwani baada ya hapo plasta hukatika vipande. Nyaya za umeme zilipitishwa kati ya kuta mbili, na katika vidaka vitatu vya kati tuliweka taa ndogo za rangi ya manjano hafifu. Ukuta huo umetupunguzia sentimita 25 za chumba, nao umetuondolea kabati mbili.

Kuhusu rangi, karibu kila mwenye duka la vifaa vya ujenzi alinishauri nipige skimu na rangi ya maji, na nilipotaja chokaa walinitazama kana kwamba ninataka kupaka shina la mwembe. Nilikuwa na sababu yangu. Nyumba iko karibu na bahari, unyevu na chumvi hupanda kuta, na rangi hiyo ya maji, ambayo ina plastiki, huuzuia unyevu huo nyuma yake mpaka itoe malengelenge na kubanduka. Chokaa huuachia utoke. Tulinunua chokaa hai iliyotoka Tanga, fundi akaitia maji katika pipa la chuma huku watoto wakiwa wamefukuzwa mbali, kwa maana huchemka na kurusha matone yanayounguza macho na ngozi. Aliifunika na kuiacha ilale, kisha akaichuja kwa kitambaa ikawa laini kama maziwa mazito.

Upakaji wake unahitaji subira ambayo mafundi wengi wa rangi hawana. Ukuta lazima ulowanishwe kwanza, na chokaa ipakwe nyembamba, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikingoja iliyotangulia ikauke. Ikiwa mbichi haionekani, mtu hudhani amepaka maji matupu. Weupe huja inapokauka na kuvuta kabonidayoksaidi kutoka hewani, hadi inageuka tena kuwa madini yale yale yanayounda matumbawe. Haishiki juu ya rangi ya maji, kwa hiyo sehemu moja iliyokuwa imeshapakwa ilibidi ikwanguliwe hadi kwenye plasta. Weupe wake si mkali. Una mawimbi madogo ya brashi, na jua la alasiri likiugusa halichomi macho.

Badala ya seti ya makochi tulijenga baraza ya tofali kufuata kuta mbili, yenye kimo cha sentimita 30, na juu yake tukaweka magodoro yaliyoshonewa foronya za kikoi ambazo huvuliwa na kufuliwa. Makochi ya sponji yenye kitambaa cha manyoya huhifadhi joto na vumbi, na mtindo wake hubadilika kila mara. Kikoi kikichakaa ninanunua kingine Kariakoo. Sakafuni kuna mkeka wa ukindu wa Rufiji. Kiti cha enzi nilikitamani, chenye kamba zilizosukwa mgongoni na mahali pa kuegemeza miguu, lakini kile kilicho bora kina nakshi za pembe za ndovu ambazo sitaki ziingie nyumbani kwangu, nacho hakikaliki kwa muda mrefu. Kilitengenezwa kwa ajili ya heshima ya mgeni, na wageni wetu hupenda kukunja miguu kwenye baraza. Nimeweka viti viwili vya mbao zilizopindwa, vya mtindo ule wa Vienna, nilivyorithi kwa bibi. Kalio zake za henzirani zilikuwa zimetoboka, na fundi wa kusuka aliyeko mjini alizisuka upya kwa bei iliyo chini kuliko ya kiti kimoja cha plastiki kigumu.

Matunzo ni machache lakini ni ya lazima. Masika yakiisha huwa kuna doa moja au mawili chini ya dirisha. Ninalisugua kwa brashi kavu, ninalowanisha, na ninapaka tabaka mbili za chokaa iliyobaki pipani, ambayo haiharibiki mradi imefunikwa na ina maji juu yake. Vidaka hufutwa vumbi kila Ijumaa, na hiyo ndiyo kazi pekee katika sebule hii ambayo mume wangu analalamika kwamba kabati la kioo lingemwepusha nayo.