Trekta ya nyumbani yenye kijiko: nilivyokosea mara ya kwanza na kupatia mara ya pili

Kila anayesikia nina ekari sita hapa Kentucky, Marekani, huniuliza swali moja: trekta yako ina farasi wangapi, yaani injini yake ina nguvu kiasi gani? Swali hilohilo ndilo lililonipotezea dola elfu kadhaa na nusura linivunje miguu. Juzi kijana wetu mmoja aliyenunua eneo lenye pori nje ya Louisville kanipigia simu, akanieleza alivyoshauriwa. Nikamsikiliza mpaka mwisho nikiwa nimeshika kichwa, maana ni ushauri uleule niliopewa mimi miaka mitano iliyopita, neno kwa neno. Ndiyo maana naandika.

Mimi ni mtu wa Lushoto. Nimekulia kwenye miteremko, jembe na sururu mkononi, na mfereji wa maji ulichimbwa kwa msaragambo, kijiji kizima. Huku hakuna msaragambo. Ukimwita mtu aje na mtambo wake, anakutoza kwa siku, na siku yenyewe anaichagua yeye. Nami kazi zilikuwa zimenisubiri: njia ya kokoto ya kuingilia nyumbani ilikuwa inasombwa kila mvua kubwa, banda la mbuzi halikuwa na bomba, na kulikuwa na visiki kumi na moja vya miti ya ash. Miti hiyo imeuawa na mdudu mdogo wa kijani aliyetoka Asia, aliyeonekana Kentucky mara ya kwanza mwaka 2009. Funza wake hula chini ya gome mpaka mti unakauka umesimama. Na kuna nyasi za majira ya baridi, zile zinazofungwa marobota ya duara. Robota moja, la kimo cha mtu wa wastani likiwa limelala ubavu, lina kilo 400 na ushei.

Nilihitaji trekta ndogo yenye kijiko mbele cha kubebea na mkono nyuma wa kuchimbia. Hilo nililijua tangu mwanzo. Nilichokosea ni namna ya kuchagua.

Muuzaji wa kwanza aliniambia farasi 25 zinatosha ekari sita, basi. Rafiki yangu, mtu ninayemheshimu, akaongeza: "Mkubwa, usitupe hela. Chukua trekta yoyote ndogo iliyotumika, mkono wa kuchimbia utaupachika baadaye kwenye ile mikono mitatu ya nyuma inayobeba vifaa." Nikafuata. Nikapata trekta ya mtu binafsi, ndogo, safi, na mwezi uliofuata nikapata mkono wa kupachika, nao wa mtumba. Vyote viwili vilinigharimu kama dola elfu kumi na moja hivi, ukiweka na usafiri.

Sasa sikilizeni kilichotokea, kwa sababu hakuna aliyenieleza kabla.

Jumamosi ya kwanza niliuegesha mtambo mbele ya kisiki kilicho karibu na banda. Nikashusha miguu ya pembeni, nikakaa kwenye kile kiti kidogo cha nyuma, mgongo wangu umeelekea usukani. Udongo wa juu ulitoka vizuri, mwekundu, mlaini. Futi moja na nusu chini nikagota jiwe. Eneo hili la katikati ya Kentucky limekaa juu ya miamba ya chokaa, na mahali pengine mwamba uko karibu kuliko unavyodhani. Nikadhani ni mzizi. Nikavuta wenzo kwa nguvu ili meno ya kijiko cha nyuma, kile cha kwenye ncha ya mkono, yang'ate.

Meno hayakung'ata. Badala yake mkono wote, pamoja na kiti nilichokalia, ulianza kupanda. Mikono mitatu ya nyuma ya trekta haidroliki yake huinua tu, haisukumi chini. Kwa hiyo kijiko kikikataa kwenda chini, hakuna kinachouzuia mtambo wa nyuma usije juu na mbele, kuelekea ule upinde wa chuma unaokulinda trekta ikipinduka. Na katikati ya vitu hivyo viwili nilikuwa mimi. Nilihisi chuma cha upinde kinagusa mabega, magoti yamebanwa na wenzo. Niliachia kila kitu. Haidroliki ilisimama, nikabaki nimebanwa hivyo, pumzi fupifupi, mpaka Mama Neema alipotoka ndani akakimbia kuja. Aliniambia kitu kimoja: "Baba Neema, zima." Nikazima. Nikajichomoa ubavu ubavu kama mtu anayetoka dirishani.

Wiki iliyofuata fundi alikuja kuangalia mafuta yaliyokuwa yanavuja nyuma. Akaniita, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi mstari mwembamba kama unywele, umeanzia pale kiungo cha juu kinaposhikwa na kuteremka kwenye sanduku la gia. Chuma cha kusubu kilikuwa kimepasuka. Nguvu yote ya kuchimba ilikuwa inaishia kwenye bolti chache za sehemu ambayo haikuundwa kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo nasema bila kusita: mkono wa kuchimbia ufungwe kwenye fremu yake yenyewe, inayopita chini ya trekta kutoka nyuma mpaka karibu na ekseli ya mbele, ili nguvu isambae. Zipo trekta zinazotoka kiwandani zimeundwa hivyo, kijiko, mkono na fremu kama kitu kimoja. Anayekuambia "utapachika baadaye" muulize kama yeye amewahi kukaa kwenye kile kiti.

Kuhusu farasi. Huku Marekani kanuni za moshi wa dizeli hubana sana masizi kuanzia injini za kilowati 19, yaani takriban farasi 25. Kuanzia hapo watengenezaji wengi huweka chujio la masizi kwenye bomba la moshi, ambalo lazima lijichome lenyewe kila baada ya muda na likiharibika ni gharama. Matokeo yake kuna msongamano wa mashine zilizosimama chini kidogo tu ya mstari huo. Kubota L2501 ina farasi 24.8, John Deere 1025R ina 23.9. Ukisikiliza farasi peke yake utadhani ni ndugu mapacha. Lakini ya kwanza bila vifaa ina zaidi ya kilo 1,000, na ya pili haifiki kilo 700. Zote ni mashine nzuri, ila haziwezi kufanya kazi moja. Uzito ndio unaoshika ardhi wakati mkono unavuta kisiki, na uzito ndio unaozuia magurudumu ya nyuma yasinyanyuke ukiwa na mzigo mbele.

Magurudumu ya nyuma kunyanyuka nako nimekuona, na trekta hiyohiyo ya kwanza. Karatasi yake ilisema kijiko kinainua kilo mia tatu na kitu. Nikaona nikilikokota robota chinichini tu litakuja. Sikujua kwamba kipimo kile mara nyingi huchukuliwa kwenye pini, pale kijiko kinaposhikana na mikono yake, wakati katikati ya robota iko nusu mita na zaidi mbele ya hapo. Kila sentimita unayokwenda mbele inakunyang'anya kilo, na uzito wa kijiko chenyewe nao unatolewa humohumo. Hata BX23S ya Kubota, ambayo wenye bustani wanaipenda kwa haki kabisa na inachimba kina cha futi 6, kijiko chake kikiwa juu kabisa kinainua kilo 335 tu, tena kwenye pini. Robota langu si kazi yake. Muulize muuzaji uzito unaoinuliwa nusu mita mbele ya pini, kijiko kikiwa juu kabisa. Asipojua maana ya swali, nenda duka lingine.

Niliiuza ile ya kwanza kwa mtu anayeitaka kwa kukata nyasi tu, nikamwonyesha ufa na mahali ulipochomelewa. Nilipata kama nusu ya hela yangu.

Mara ya pili sikwenda na karatasi. Nilikwenda na robota.

Nililipakia kwenye trela yangu ndogo robota moja la duara, nikafunga na minyororo, nikaweka juu yake mkuki wa chuma wa kuchoma robota, ule unaofungwa kwenye mdomo wa kijiko. Nikachukua na ufito nilioukata sawasawa na urefu wa mlango wa banda langu la vifaa, ili nisibishane na mtu kuhusu futi na inchi: ufito ukisimama wima kando ya trekta na upinde umekunjwa, inapita au haipiti. Nikazunguka wauzaji wanne kwa majuma matatu. Nikifika nasema: ningependa kuona mtambo wako ukilishusha robota hili kwenye trela na kulirudisha. Wawili walikataa. Nikawashukuru nikaondoka, jibu nilikuwa nimelipata.

Wa tatu alikubali. Mtambo wake ulikuwa unang'aa, rangi mpya mpaka kwenye pini. Nikaweka kiganja kwenye injini kabla hajaiwasha: ya moto. Mtu aliyejua nakuja saa tatu asubuhi ameiwasha saa mbili, basi dizeli hiyo huwaka kwa taabu ikiwa baridi. Robota lilinyanyuka. Nikamwomba akishalishusha apandishe kijiko kitupu mpaka juu, azime injini, tukae pembeni. Nilikuwa na chai kwenye chupa, nikammiminia. Kabla hatujamaliza kikombe kijiko kilikuwa kimeshuka zaidi ya shubiri mbili, taratibu, kama mtu anayesinzia. Mafuta yalikuwa yanapenya ndani ya silinda au kwenye vali. Kisha nikaushika mkono wa nyuma, nikautikisa kushoto kulia. Ulicheza. Bushi, zile pete zinazozunguka pini, zilikuwa zimeliwa, na rangi mpya ilikuwa imezifunika.

Wa nne alikuwa mzee mmoja mfugaji, mkongojo mkononi, anauza Kubota L39 kwa sababu goti lake limekataa kupanda. Rangi imechakaa, kiti kimefungwa kwa mkanda wa gundi. Injini baridi kabisa, umande bado uko kwenye boneti. Iliwaka mara ya pili tu. Kila pini ilikuwa na kola ya grisi nyeusi iliyokauka, na juu yake grisi mbichi. Hicho ndicho kilichonishawishi. Pini za mkono wa kuchimbia zinataka grisi kila siku ya kazi, na ziko nyingi kiasi kwamba mvivu huziruka. Mzee hakuziruka. Lile robota lilinyanyuka mpaka juu ya kichwa changu, magurudumu ya nyuma yametulia, maana mkono wenyewe nyuma ni uzito wa kusawazisha, na tairi za nyuma alizijaza ule mchuzi wa bitiruti za sukari ambao haugandi kwenye baridi. Mkono unachimba kina cha karibu futi 10. Tulipatana dola elfu ishirini na kitu. Robota nilimwachia ng'ombe wake.

Kaka yangu wa Handeni naye anatafuta trekta, hizi ndogo zilizotumika zinazoletwa kutoka Japani, Yanmar na Iseki zenye maandishi ya Kijapani kwenye dashibodi. Nimemwambia yaleyale: apeleke mzigo wake, aguse injini, atikise pini. Nimemwongezea moja la kwake: kabla ya kulipa, atafute mjini fundi mwenye chujio na sili za modeli hiyohiyo mkononi. Nyingi ziliuzwa Japani tu, na namba zake za vipuri mara nyingi hazifanani na za nje.

Bomba la mbuzi nililichimba Novemba. Siku chache kabla nilipiga 811, namba ya bure ya kuuliza kilichofukiwa chini, wakaja kupaka rangi kwenye majani: njano ya gesi, nyekundu ya umeme, buluu ya maji. Mstari wa njano ulikuwa hatua tatu tu kutoka nilipokusudia kupita. Nikaupinda mtaro. Jiwe la chokaa nililikuta tena, futi moja na nusu palepale. Safari hii nilipovuta wenzo meno yalikwaruza, yakatafuta ufa, bamba la mwamba la upana wa meza likanyanyuka polepole na udongo wake. Kiti hakikutikisika. Mama Neema alikuwa amesimama mlangoni muda wote, mikono kifuani.

Baridi ya Januari ilipofika mbuzi walikunywa maji ya bomba. Sasa hivi silinda ya kushoto inatoa tone moja la mafuta kila asubuhi. Ni sili ya dola chache, nimeshaiagiza. Visiki vimebaki vinne.