Boliti ya Mwaka wa Kwanza

Leo alasiri, baada ya mafunzo ya vitendo, tulikaa kivulini hapa Tudor tukabishana kuhusu lililo gumu zaidi katika maisha ya Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho mizizi yake ni MIOME, yaani Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, na ambacho kilipata hadhi kamili ya chuo kikuu mwaka 2013.

Mwenzetu wa uhandisi wa umeme alishikilia kwamba hesabu ndizo zinazomtoa mtu jasho.
Dada mmoja wa uhandisi wa ujenzi alisema kinachomchosha ni jamaa wanaodhani kwamba anayesomea ufundi alikosa nafasi kwingine.
Hilo liliniuma, kwa maana nimelisikia hata kwetu.

Kijana wa mwaka wa kwanza alinyamaza.

Alikuwa akigeuzageuza boliti aliyoikereza mwenyewe asubuhi, ambayo hesi zake, yaani mikato ya kuzungushia nati, hazikuwa sawa, akiivisha nati, ikikwama, akiitoa na kuijaribu tena, vidole vyake vikiwa vyeusi kwa grisi.

Tulipomuuliza maoni yake, alitaka tu kujua kama karakana hufunguliwa Jumamosi. (Mimi nilimpa ushindi papo hapo.)

Ndugu zangu mliosomea ufundi, nyumbani walisemaje mlipochagua njia hiyo?