Nani Atakwenda Tarso Kumtafuta?

Somo: Matendo 9:26–28, 11:22–26, 15:36–39

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Msimu wa mpira wa Kimarekani ukianza, vijana wetu hapa Iowa hubishana jambo lile lile wakitoka ibadani: kotabeki wa akiba wa timu fulani apewe namba, au aendelee kusugua benchi? Wazee wengi hupita wakielekea kwenye magari yao, wakiona ni porojo za vijana. Mimi nadhani vijana wanauliza swali ambalo sisi wenye kupanga zamu za kanisa tunalikwepa, na juma hili nataka tulitazame machoni.

Kwa wasioujua mchezo huu: kila timu ina watu 11 uwanjani, na kotabeki ndiye hupokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi. Ana sekunde mbili tatu za kuamua aukabidhi kwa mwenzake akimbie nao, au aurushe mbali, na amrushie nani, huku watu wenye miili mikubwa wakimjia kumwangusha. Nafasi yake ni ya mtu mmoja. Wengine huingia na kutoka, lakini kotabeki wa kwanza akiwa mzima, wa pili anaweza kumaliza msimu amesimama pembeni ya uwanja.

Sasa mtazameni Kurt Warner, kijana aliyekulia Cedar Rapids, hapa hapa kwetu. Katika Chuo Kikuu cha Northern Iowa, kule Cedar Falls, alikaa benchi hadi mwaka wake wa mwisho. Mwaka 1994 timu ya Green Bay Packers walimwita kambini, ambako kotabeki Brett Favre na wengine walikuwa mbele yake, wakamwacha kabla msimu haujaanza. Akarudi Cedar Falls, akaajiriwa na duka la Hy-Vee kupanga bidhaa usiku kwa dola 5.50 kwa saa. Wengi wenu mnaijua kazi hiyo kwa mikono yenu: kupasua maboksi, kuvuta mikebe ya zamani mbele na kusukuma mipya nyuma, kupiga magoti kwenye rafu ya chini wakati mji mzima umelala. Mtu aliyeamini kwamba Mungu alimpa mkono wa kurusha mpira alikuwa pale, akipanga nafaka za chai ya asubuhi ya watu wengine.

Baadaye alicheza miaka mitatu Des Moines na Iowa Barnstormers, katika ligi ya ukumbini ambako uwanja ni nusu ya ule wa kawaida. Hapo ndipo alipoonwa na Al Luginbill, kocha wa Amsterdam Admirals kule Uholanzi. Ligi ile ya Ulaya ilikuwa tawi la NFL, ligi kuu ya mpira huu Marekani, na ili Luginbill ampate Warner, ilibidi timu ya NFL imsajili kwanza. Akamtafutia timu hadi St. Louis Rams wakakubali, wakampeleka Amsterdam mwaka 1998. Jina la Luginbill halikumbukwi na wengi. Naomba mlishike, tutalirudia.

Aliporudi St. Louis alikuwa kotabeki wa tatu. Msimu ule alicheza mechi moja, akarusha mipira 11, minne tu ikapokelewa. Mwanzoni mwa 1999 timu mpya ya Cleveland Browns iliruhusiwa kuchukua wachezaji kutoka timu nyingine, na Rams walimwacha Warner kwenye orodha ya wale ambao yeyote angeweza kuwachukua. Browns hawakumchukua. Agosti mwaka huo, katika mechi ya kujipima nguvu, kotabeki wa kwanza Trent Green aliumia goti, msimu wake ukaisha palepale. Kocha Dick Vermeil alizungumza na waandishi huku machozi yakimlenga, akasema timu itasimama pamoja na Warner na itacheza mpira mzuri. Warner alikuwa na miaka 28. Msimu huo alirusha mipira 41 iliyozaa pointi, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima, na tarehe 30 Januari 2000 Rams wakatwaa ubingwa kwa kuwafunga Tennessee Titans 23–16, yeye akirusha jumla ya yadi 414 siku hiyo. Timu ile ile mwaka uliotangulia ilikuwa imeshinda mechi nne tu kati ya 16.

Na si kisa cha zamani peke yake. Kotabeki Brock Purdy alisoma Chuo Kikuu cha Iowa State, kule Ames. Mwaka 2022, timu za NFL zilipochagua wachezaji wapya, alichaguliwa wa 262, wa mwisho kabisa katika orodha, akawa kotabeki wa tatu wa San Francisco 49ers mpaka wawili waliokuwa mbele yake walipoumia mmoja baada ya mwingine. Februari 2024 ndiye aliyeanza katika Super Bowl, fainali ya NFL.

Kisa kama hiki kikisimuliwa kanisani, Amina huwa nyingi. Kisha mhubiri humgeukia yule wa benchi na kumwambia: vumilia, wakati wa Bwana utafika. Neno hilo ni kweli na limewashikilia wengi. Lakini tazameni vizuri wapendwa, ni nini kilichowapa namba Warner na Purdy? Si jicho la mtu lililowaona. Ni wenzao kuumia. Kama goti la Green lingebaki salama Agosti ile, Rams wangeanza msimu wakiwa na hazina ubavuni na wasijue. Wangapi wenye mkono kama wa Warner walimaliza miaka yao kwenye rafu za duka kwa sababu aliyekuwa mbele yao hakuumia? Hatuwezi kuwahesabu. Ndiyo maana sipendi tukimwambia mwenye benchi asubiri, halafu sisi wenye kupanga kikosi tukae tu. Hapo tunamrudishia Mungu mzigo aliotubebesha sisi.

Kuna jambo ndani ya mchezo huu ambalo vijana wanalijua na wazee wanapaswa kulisikia. Katika juma la mazoezi, kotabeki wa kwanza ndiye hupewa karibu mazoezi yote ya kikosi cha kwanza. Wa akiba mara nyingi huigiza kotabeki wa timu pinzani, ili walinzi wa kwao wajifunze kumzuia. Na mpira mzuri huondoka mkononi kabla mpokeaji hajageuka: anakimbia, anageuka, anaukuta umeshafika kifuani. Hilo haliji kwa kipaji peke yake. Linakuja kwa watu wawili kurudia jambo moja pamoja hadi kila mmoja ajue hatua za mwenzake. Sasa mtu aliyenyimwa mazoezi hayo anaingizwa ghafla, mipira saba kati ya 11 inapotea, na watu wanasema, mmeona? Ndiyo maana alikuwa wa akiba.

Sisi nasi tunafanya hivyohivyo. Mchungaji anasafiri, na Jumamosi saa tatu usiku kijana anapigiwa simu: kesho utaleta neno. Anasimama na karatasi inayotetemeka, anapoteza mstari, anaruka kutoka Warumi hadi Ufunuo, anaketi amelowa jasho. Baada ya ibada inasemwa kwa sauti ya chini, bado hajaiva. Na jina lake haliandikwi tena. Au dada anayetafsiri mahubiri kwa Kiingereza kwa ajili ya watoto wetu waliozaliwa huku: anapewa kipaza sauti pale tu mtafsiri wa kila siku anapougua, hajawahi kuketi na mhubiri kupitia somo, kisha tunapima Kiingereza chake kwa dakika tano za kwanza.

Ndipo namtazama Barnaba. Sauli alifika Yerusalemu, na wanafunzi wote wakamwogopa, wasiamini kwamba naye ni mwanafunzi. Walikuwa na sababu, maana alikuwa amewatesa. “Lakini Barnaba akamtwaa, akampeleka kwa mitume.” Baadaye Sauli akapelekwa Tarso kwa usalama wake, na Matendo ya Mitume yakanyamaza juu yake. Miaka ikapita. Kule Antiokia kazi ikawaka moto, watu wengi wakaongezeka kwa Bwana, na Barnaba ndiye aliyekuwa ametumwa kuisimamia. Hakuwa ameumia goti. Hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kubaki jina la kwanza Antiokia hadi kufa kwake. Lakini imeandikwa kwamba “akaenda Tarso kumtafuta Sauli, hata alipokwisha kumwona akamleta Antiokia.” Mtu mzima aliacha kazi inayomwendea vizuri, akafunga safari kwenda mji mwingine, kumtafuta mtu ambaye wengi walikuwa wameshamsahau.

Na alipomleta hakumsukuma mimbarani Jumapili moja ili aone kama anaweza. Walikaa pamoja na kanisa mwaka mzima, wakawafundisha watu wengi. Mwaka mzima wa mazoezi! Ukisoma sura ya 13 utaona majina yanaanza kama “Barnaba na Sauli” na kabla ya sura kwisha Paulo, ndiye huyo Sauli, anatajwa kwanza. Barnaba alilipa gharama hiyo, na hatusomi mahali popote kwamba alinung’unika. Kisha akafanya tena vilevile kwa Marko, kijana aliyewaacha njiani kule Pamfilia. Paulo alimkataa, na siwezi kumlaumu sana, maana safari ile ilikuwa ngumu. Barnaba akamchukua, wakapanda merikebu kwenda Kipro. Miaka baadaye, akiwa kifungoni, Paulo huyo huyo anamwandikia Timotheo: “Umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi.” Barnaba alikuwa ameona kabla ya Paulo. Luginbill naye aliona mbele ya wengi, akamtafutia mtu mlango wa kuingilia.

Je, kila wa akiba anastahili kuanza? Hapana, na ni vema tuseme ukweli. Makotabeki wengi wa akiba wakiingia, inaonekana kocha alikuwa sahihi. Kocha ana nafasi moja, mechi chache, na kazi yake mwenyewe hatarini, simhukumu. Ila sisi hatuna udhuru wake. Kanisa si timu yenye nafasi moja. Antiokia iliorodheshewa manabii na waalimu watano kwa majina: Barnaba, Simeoni aitwaye Nigeri, Lukio wa Kirene, Manaeni aliyelelewa pamoja na Herode, na Sauli. Pale mtu hakuhitaji mwenzake aanguke ndipo asimame. Ninachosema wa akiba anastahili ni kutazamwa, na kupewa mazoezi ya kweli kabla ya kupimwa. Akishindwa baada ya hapo, tutakuwa tumemtendea haki, naye atatafuta palipo mahali pake.

Neno moja juu ya Trent Green, kwa kuwa husahaulika. Alikulia eneo la St. Louis na alikuwa amerudi nyumbani kuongoza timu. Naye pia alikuwa amesugua benchi kwa miaka, Washington, kabla hajapata nafasi. Nimewahi kusikia watu wakisema Mungu alimvunja Green ili amwinue Warner. Tusiseme hivyo, wapendwa. Bwana wetu hahitaji kumvunja mwana mmoja ili ampe mwingine nafasi, na tusimwombee mtu yeyote mimbarani apate homa ili zamu itufikie. Green alipona, akaenda Kansas City mwaka 2001, tena chini ya Vermeil, akacheza vizuri kwa miaka.

Na kwako uliyeko benchini leo, unayefika mapema kupanga viti na kuunganisha nyaya za vipaza sauti: Warner hakuacha kurusha. Endelea kujiandaa. Na ukiona miaka inapita na hakuna anayekuuliza, si dhambi kumwendea mzee na kumwambia, “Baba, nina neno, naomba nifundishwe.” Hata Marko lazima alikubali kupanda ile merikebu.

Wazee wanaketi karibuni kupanga zamu za mahubiri, za kuongoza ibada na za kutafsiri kwa robo mwaka ijayo. Ombi langu kwenu, baba zangu na mama zangu, ni hili: kila mmoja aje na jina la mtu mmoja ambaye hajawahi kusimama, na mlitafute jina hilo kwa kuuliza, hata kwa wale wa zamu za usiku ambao hatuwaoni Jumapili asubuhi. Na jina hilo likishaandikwa, pembeni yake liandikwe jina la pili, la mtu mzima katika imani atakayekaa naye majuma yote kabla ya siku yake kufika.