Furu wa Mwalimu kwenye ubavu wa mtumbwi

Nilipoondoka Mwanza mwaka 2014 nilipitia Dar, na siku ya kupanda ndege nikanunua picha ya Tingatinga: twiga watatu, mbuyu, na Kilimanjaro kwa mbali. Niliitundika ukutani Hamburg. Mgeni akija namwonyesha, namwambia kwetu ndiko huko. Miaka 11 nilisema hivyo, na mimi ni mtoto wa Igombe, kando ya Ziwa Victoria! Twiga nilimwona mara moja tu, safari ya shule ya Serengeti. Wanyama niliokua nao ni pimbi, mjusi kafiri, fisi maji na wale samaki wadogo wa ziwani, furu.

Furu ndiye aliyenigusa moyo nikiwa ugenini. Kulikuwa na duka la samaki wa mapambo karibu na kazini kwangu. Jioni moja nikachungulia tangi la kioo, nikamwona samaki wa urefu wa kidole, mgongo mwekundu, ubavu wa njano uliokatwa na milia myeusi. Kibandiko kilisema Pundamilia nyererei. Nikakisoma mara tatu. Muuzaji akanieleza kwamba ni samaki wa Ziwa Victoria, wataalamu walimpa jina la Mwalimu mwaka 1985. Nilishindwa kumjibu. Utotoni tuliwavua furu kwa ndoano na minyoo penye mawe, tukawachoma na chumvi, na hakuna aliyetuambia kwamba wana majina.

Nimerudi Julai hii. Kila mtu ananipeleka kuona daraja la Kigongo–Busisi, na kweli ni daraja, karibu kilomita 3 juu ya maji. Ila kilichonishika mpaka leo nimekikuta soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, nilipoenda kununua dagaa wa shangazi.

Mtumbwi ulikuwa umepinduliwa juu ya magogo. Kijana mmoja amechuchumaa ubavuni, kopo tatu za rangi ya mafuta miguuni, anachora furu. Nilimtambua hapohapo: ni yule wa Hamburg, mgongo mwekundu na milia.

"Mdogo wangu, huyu umemwona wapi?"

"Nimesimuliwa, dada," akasema. "Mimi nimezaliwa 1999."

Kazi yake hasa ni kuandika majina na namba za mitumbwi. Wenye mitumbwi wanamwagiza sangara, simba, au nembo za timu za mpira. Furu anachora kwa hiari yake, malipo ni yaleyale. Huanza kwa msasa, kisha rangi nyeupe ya chini, akisubiri ikauke. Umbo analichora kwa mkaa. Njano inatangulia, nyekundu inafuata, milia anaipiga kwa brashi aliyoipunguza nywele kwa wembe. Mwisho anachovya njiti ya kiberiti na kudondosha vidoa vya njano kwenye pezi la chini, karibu na mkia. Vidoa hivyo dume anavyo kweli, vinafanana na mayai. Nilikaa pale mpaka jua likawa kali, dagaa wa shangazi nimewasahau.

Wasomaji wa bara na pwani pengine hawajui furu walivyokuwa wengi. Ziwa hili lilikuwa na aina zaidi ya 500, nyingi hazipatikani kokote kwingine duniani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden walikuwa wakiwachunguza katika Ghuba ya Mwanza tangu miaka ya 1970, kwa hiyo waliona kwa macho yao jinsi walivyokwisha. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akalipuka miaka ya 1980, akawala. Sangara ametujengea nyumba na kutusomesha, hata mimi, siwezi kumtukana. Lakini si yeye peke yake. Jike la furu humchagua dume kwa rangi. Udongo unaosombwa kutoka mashambani na maji taka ya mji vikichafua maji, mwanga haufiki chini, jike haoni nyekundu wala buluu, na aina mbili zilizoishi jirani zinachanganyika hadi inabaki moja. Miti ikikatwa huko juu kilimani, rangi inapotea huku chini ziwani. Kwa mchoraji habari hii ni msiba wa nyumbani.

Nimewasikia watu wakisema uchoraji wa wanyama ni biashara ya watalii iliyotoka Dar. Nampa Edward Saidi Tingatinga heshima yake yote. Alianza na rangi za baiskeli na vipande vya hadibodi, na hadi anafariki mwaka 1972 alikuwa ameanzisha kitu kikubwa. Ila Usukumani watu walichora kabla yake. Bayeye, chama cha wacheza nyoka, walichora kuta za ndani za nyumba zao za mafunzo: nyoka, watu, viumbe wengine, ili wanafunzi wajifunze. Mtafiti Hans Cory aliikusanya michoro hiyo na kuitoa kitabuni mwaka 1953. Nimekwenda Bujora, pale Kisesa, makumbusho aliyoyaanzisha Padre David Clement, nikasimama mbele ya vifaa vya wacheza nyoka nikimfikiria yule kijana wa Mwaloni na njiti yake ya kiberiti. Mchoro wa mnyama kwetu ulikuwa darasa.

Kijana ana kazi nyingine, mjusi kafiri wetu wa kwenye mawe, kichwa na mabega mekundu, mwili wa buluu. Jina lake la kisayansi limebeba mji wetu, Agama mwanzae. Amemchora ukutani mtaani kwao, kwenye njia ya lori zinazobeba kokoto. Mawe anayoishi mjusi huyo ndiyo yanayopasuliwa. Akina mama wanaoyagonga wanalisha watoto, na ningeomba sana wapatiwe kazi nyingine kabla vilima havijaisha.

Juzi nilimpa ubao wa mtumbwi uliokufa, wa mjomba, anichoree furu wa kupeleka ukutani mahali pa wale twiga. Mjomba alivua miaka 40. Tulimkuta amekaa chini ya mwembe.

"Mwadila, babu. Shikamoo," kijana akasema.

Mjomba aliushika ubao, akaupeleka juani, akaurudisha kivulini.

"Nyekundu haijakolea. Wewe unamchora aliyeshatolewa majini. Akitoka tu anapauka. Mchore akiwa bado hai."

Kijana akafungua kopo. Akapaka tena mgongo, taratibu, mjomba akimwambia bado, bado, hapo. Nilidhani tumemaliza.

"Na mke wake yuko wapi?"

"Jike hana rangi, babu. Ni wa kijivukijivu tu."

"Sasa ndiyo umwache? Weka hapo chini, penye jiwe."

Kijana alichanganya nyeupe na nyeusi na tone la njano kwenye kifuniko cha kopo. Mjomba akainama, kidole chake karibu kiguse rangi mbichi.

"Mdomo uvimbe kidogo. Hapo. Amebeba watoto mdomoni."