Nilivyoacha kulala na majedwali kichwani

Ukisema kichwa kimechoka, kila mtu ana dawa yake, na wengi huanza na "pumzika tu". Kupumzika kwenyewe vipi, hawasemi. Kazi yangu ni kulinganisha vitabu vya hesabu na taarifa za benki, mstari kwa mstari, na msimu wa kufunga mwaka nakaa kwenye majedwali saa kumi mfululizo. Mwili siku nzima haujabeba hata kiti. Ukiulaza, macho yanatazama dari na dari inageuka jedwali: tofauti ya 63 bado inatafutwa, na kwa kuwa 63 inagawanyika kwa 9, huenda mahali fulani tarakimu mbili zimeandikwa kinyume, 81 badala ya 18, na basi, usingizi umekwenda.

Dawa ya pili ya watu ni kitu kitamu, eti ubongo umeishiwa sukari. Ni kweli ubongo hutumia kama asilimia 20 ya nishati ya mwili uliotulia, lakini hesabu ngumu huongeza kidogo mno juu ya hapo. Mwaka 2022 watafiti wa Paris walichapisha vipimo vya watu waliopewa kazi ngumu ya akili kwa siku nzima: glutameti, kemikali ya kupitishia ujumbe ndani ya ubongo, ilikuwa imerundikana sehemu ya mbele ya ubongo kuliko kwa waliopewa kazi nyepesi. Mrundikano hauondoki kwa kuongezewa sukari.

Kahawa nayo haifukuzi uchovu. Tukiwa macho, ubongo hukusanya adenosini, inayoleta usingizi. Kafeini ya kahawa hukalia nafasi za adenosini tu, na mwenye nafasi anasubiri nje. Tena kafeini huchukua kama saa 5 kupungua kwa nusu, ingawa watu hutofautiana. Kikombe cha saa kumi jioni, nusu yake bado imo mwilini saa tatu usiku. Changu cha mwisho ni saa sita mchana.

Usingizi wa mchana nilijiharibia mwenyewe. Nilijilaza saa kumi na moja jioni, "dakika chache tu", bila kengele. Nilipofumbua macho palikuwa na giza hafifu, mdomo mkavu, saa inasema kumi na mbili na nusu. Nikaruka, nikapiga mswaki, nikavaa shati la kazini, nikafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, ndipo nikaona giza linazidi badala ya kupungua. Usiku huo saa nane bado nilikuwa nahesabu. Kinachotokea ni hiki: ukipita nusu saa hivi unaingia usingizi mzito, na ukiamka katikati yake unabaki na kichwa cha mchanga kwa muda mrefu. Halafu usingizi uliokopwa jioni unakatwa kwenye wa usiku. Sasa kengele naiweka dakika 25, yaani 5 za kusinzia na 20 za kulala, na saa tisa alasiri ikishapita silali kabisa.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni karatasi, na inaandikwa kabla ya kuinuka kitini. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alieleza kwamba watu aliowakatiza kazi waliikumbuka kuliko ile waliyoimaliza. Mimi kila jioni ninakatizwa, maana hesabu haziishi kwa siku moja. Kwa hiyo naandika mistari mitatu: nimeishia wapi, nashuku nini, kesho mkono uanze na nini. Mwanzoni niliandika "endelea na hesabu za benki" nikashangaa mbona kichwa hakiachii. Kitaachiaje? Hiyo si kazi, ni jina la kazi. Andika kitu ambacho mkono unaweza kukifanya bila kufikiri: "Fungua stakabadhi 412, linganisha tarehe." Kuandika mistari hiyo hakufiki dakika tano. Usiandike kwenye simu, ukiishika tu umekwisha.

Macho ni jambo fupi. Kutazama karibu kunaikaza misuli inayobadili umbo la lenzi ya jicho, na mbele ya skrini tunapepesa kope mara chache, ndiyo maana yanawasha. Tazama kitu kilicho zaidi ya mita 6, dakika mbili tatu, ukipepesa kwa makusudi.

Kisha kutembea, dakika 35 hadi 40. Wanaosema "nilijaribu kutembea, hakuna kitu" ukiwauliza utakuta walirudi dakika ya kumi, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote: kazi bado inakufuata nyuma kama mbwa. Kwangu huchoka kunifuata baada ya robo saa. Njia iwe ile unayoijua, usilazimike kuchagua kona. Kuchagua ndiko kulikokuchosha. Mwendo uwe wa kukuruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Masikioni usiweke mtu anayeongea. Mfukoni weka kipande cha karatasi na penseli, kwa sababu jibu la 63 linaweza kujileta lenyewe njiani. Andika maneno matatu, endelea kutembea.

Simu ilinishinda muda mrefu. Niliifungia kwenye droo, nikaifungua droo. Niliizima, nikaiwasha "kuona saa". Niliiweka juu ya kabati, nikawa napanda kiti. Mwishowe kilichoiweza ni sabuni: nikirudi tu natumbukiza mikono kwenye beseni la vyombo. Mikono yenye povu haishiki simu, na ikishika, skrini haisikii. Tena vyombo vina kitu ambacho majedwali hayana, unaona rundo likipungua mpaka likaisha. Nyumbani wananisifu kwa bidii, nami sijawasahihisha. Kama hakuna vyombo, fua soksi. Maji yawepo tu.

Utajuaje kichwa kimetulia? Nilikuwa nahesabu kurudi nyuma kwa saba kuanzia 100: 93, 86, 79, 72. Kichwa kilichochoka hukwama pale makumi yanapovukwa. Baada ya wiki moja nikawa napita vizuri ajabu kila siku, nikajitangazia kupona, kumbe nimekariri kama wimbo. Sasa naanza popote: 103, 96, 89, 82, 75. Nikifika chini bila kosa ndani ya dakika moja, kichwa kimerudi, naweza hata kusoma kitu kigumu kidogo. Nikikosea mara mbili, jioni hiyo sijibu barua pepe yoyote yenye kiasi cha fedha ndani yake, wala siahidi tarehe. Karatasi ya mistari mitatu imeshalala kifudifudi juu ya kibodi, na asubuhi siwezi kuandika herufi hata moja kabla ya kuiinua.